Mgonjwa Hakuzuia Pumzi

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI katika hospitali moja hapa kisiwani Mombasa. Jina la hospitali halihitajiki, kwa kuwa kosa ni langu. Kila kipimo kikimalizika hubaki kisanduku kidogo kwenye kompyuta ambamo mpiga picha humweleza daktari wa radiolojia jambo lolote lililoharibu picha. Sentensi niliyoizoea mle ni hii: mgonjwa hakuweza kuzuia pumzi. Ni sentensi ya raha. Daktari huikubali, msimamizi hahoji, na mshtakiwa hayupo, yuko kwenye tuktuk anarudi nyumbani. Mwaka uliopita nilimwandikia hivyo mama mmoja wa Bondeni. Nilijua nusu ya ukweli, na nusu ya pili sikutaka kuijua.

Wanaomjua watacheka. Huyu ndiye anayeongoza maulidi ya wanawake mtaani kwetu, na Mfunguo Sita ukiingia nyumba humgombea. Akisoma Barzanji hapumziki pale wenzake wanapopumzika. Huuvuta mstari mpaka mwisho wake, akatua, akaanza mwingine, na wasichana waliokaa nyuma yake huwa wameshavuta pumzi mara mbili. Ni shoga wa mamangu tangu madrasa. Mimi nimekulia mlangoni kwake, nikitumwa mahamri asubuhi. Ameniruhusu nisimulie kwa sharti nisitaje jina. Nilipomwambia kwamba watu wa mtaa watamtambua hata hivyo, alijibu, "Na wanijue. Aibu ni yako, si yangu."

Kilichomleta kwetu ni ngazi. Ngazi za nyumba zetu za zamani zimesimama wima, naye alikuwa ameanza kusita katikati, mkono ukutani. Miezi kadhaa kabla ya hapo kifua kilimbana usiku mzima. Akadhani gesi, akanywa tangawizi, ikapita. Kipimo cha eko hakikutosha, maana mapafu na mwili vilizuia sauti isipenye na daktari akauona moyo kwa mbali. Basi akaomba MRI akiwa na maswali mawili. Moyo huu unasukuma damu kiasi gani kila pigo? Na je, katika nyama yake kuna kovu?

Hakuna kipimo kisichopasua mtu kinachoyajibu maswali hayo mawili kwa pamoja vizuri kuliko MRI, ila ni kwa masharti. Goti ukililaza hutulia. Moyo hupiga hata umelala, tena umekaa juu ya kiwambo kinachopanda na kushuka kwa kila pumzi. Tarehe 3 Julai 1977, Raymond Damadian na wenzake walipopata picha yao ya kwanza ya kifua cha mtu aliye hai kwa njia hii huko New York, kipande kimoja kiliwachukua karibu saa tano, na kilichotoka kilikuwa mabaka makubwa makubwa. Siku hizi sekunde 10 hivi zinatosha kwa kipande, lakini kuna ujanja ndani yake. Picha hukusanywa kidogo kidogo kutoka mapigo 8 hadi 12 yanayofuatana, kisha hivyo vidogo vidogo huunganishwa vikaonekana pigo moja. Fundi wa kanzu hufanya kazi hiyo hiyo: hukata mikono, kiwiliwili na kola mbali mbali akitegemea alama zake za chaki zilingane. Alama zikihama, kanzu itashonwa, lakini haitavalika.

Alama ya chaki ya moyo ni wimbi la R, ule mlima mrefu kwenye ECG, mchoro wa umeme wa moyo. Kila R ikipanda, mashine hujua pigo limeanza, ikapanga picha zake kuanzia hapo. Na hapo hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Sumaku yetu ni ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Damu ina chumvi, na chumvi ile hubeba umeme. Damu inaporushwa kwenye upinde wa mshipa mkuu ndani ya sumaku kali namna hiyo, huzalisha umeme wake mdogo, na umeme huo huingia kwenye ECG wakati ule ule wa wimbi la T. T ambayo nje ya mashine ni kilima tu, ndani huvimba ikashindana na R. Mashine ikidanganyika, pigo moja huhesabiwa mara mbili. Mpiga picha za moyo yeyote analijua jambo hili, na dawa yake haihitaji shahada: ngozi safi, stika mbichi za ECG, mahali sahihi, waya zisijikunje, na wimbi likikataa kukaa sawa, umtoe mgonjwa nje uzibandike upya. Mashine za siku hizi zina programu inayosoma umeme wa moyo unaelekea upande gani, badala ya kutazama urefu wa wimbi peke yake, ili T isiichanganye. Lakini hata hiyo programu inataka stika zilizoshika.

Zake hazikushika. Siku mbili kabla palikuwa na harusi ya mpwa wake. Alikuja ananukia udi, hina imemkolea hadi ncha za vidole, na kifua kimepakwa mafuta ya nazi, ndivyo mwanamke wa kwetu anavyotoka bafuni. Utaratibu unataka kifua kifutwe kwa spiriti, kikaushwe, kisha kisuguliwe kidogo kwa shashi na jeli ya chenga chenga mpaka utando wa juu utoke. Nilijua. Lakini mama huyu alinibeba mgongoni, na mimi ndiye wa kumwambia avue nguo kifua kisuguliwe? Muuguzi wa kike alikuwa akipita kwenda chumba kingine. Nikampa pakiti ya stika mlangoni, nikamwambia ambandikie upesi, nami nikageukia ukuta. Pakiti yenyewe ilikuwa wazi tangu mwanzo wa wiki, na kiyoyozi kilikuwa kimeshaikausha jeli yake.

Haya ina mahali pake. Siku ile mahali pake palikuwa kumwomba muuguzi akae, kumpa shashi na spiriti, kumwonyesha kwenye mchoro kila stika inakaa wapi, na kumngoja amalize. Nilichokifanya mimi ni kujistiri nafsi yangu, nikaita heshima.

Nikamwingiza mashineni. Skrini ikasoma mapigo 144 kwa dakika. Nilipomshika mkono kabla hajalala nilihesabu 72. Mtoto wa darasa la pili angeona kwamba moja ni maradufu ya nyingine. Mimi nikajiambia ameingiwa na hofu, wengi huogopa lile tundu, na nikaendelea.

Vipande viwili vya kwanza vikatoka na ukungu. Badala ya kumtoa, nikaiacha ECG nikamtia kibano cha kidole, kile kinachosoma mdundo wa damu kwa mwanga. Kibano ni njia ya dharura. Mdundo hufika kidoleni umechelewa kama robo ya sekunde tangu moyo upige, na hufika umekuwa kilima cha mviringo kisicho na kilele cha kushika. Chumba chetu ni baridi, sumaku ndivyo inavyotaka, na vidole vyake vilishapoa. Kidole kikipoa mishipa hunywea na mdundo hufifia. Ongeza na ile hina. Kibano kikawa kinakamata pigo hili, kinaliruka lile. Alama za chaki zikatawanyika kila upande.

Hata hivyo ningeweza kuokoa kitu, lau si kiburi kipya nilichokuwa nacho. Nilikuwa nimetoka mafunzoni muda si mrefu, na huko nilionyeshwa picha ambazo ungehesabu nyuzi za vali. Nikataka picha zangu ziwe hivyo. Sasa, katika kazi hii huwezi kupata vyote. Ukitaka undani zaidi, yaani vidoto vya picha viwe vidogo, kila kidoto kinatoa ishara kidogo, picha inajaa chenga chenga, na muda wa kukusanya unarefuka. Ukifupisha muda, unapoteza undani, au unapoteza hatua za pigo, ukaona moyo unaruka badala ya kujikunja. Mtu mwenye busara huchagua kwa kumtazama aliyelala pale. Hatua 25 kwa pigo, unene wa kipande milimita 8, pumzi ya sekunde 10 au pungufu, inatosha kabisa kwa mama wa umri wake. Mimi nikapandisha undani, pumzi ikafika sekunde 20 na ushei kwa kila kipande, na vipande vya kuufunika moyo mzima ni 10 au 12.

Na alizizuia. Nitarudi kwa hilo.

Kosa linaloniumiza zaidi ni maagizo niliyompa. Kipimo cha moyo hupigwa baada ya kutoa pumzi, kwa sababu mwisho wa kutoa pumzi kiwambo hurudi karibu mahali pale pale kila mara, lakini ukivuta pumzi, leo utavuta nyingi, kesho kidogo. Nilianza sawa: vuta, toa, zuia. Baada ya vipande vichache nikamwonea huruma kwa zile sekunde 20, nami nikijua kwamba mtu aliyejaza mapafu hustahimili zaidi. Nikabadilisha: vuta, zuia. Sikumweleza kwa nini. Sikurudia vile vya mwanzo. Moyo wake ukashuka na kiwambo, sentimita moja au zaidi, na vipande vyangu ni vya milimita 8. Maana yake sehemu moja ya moyo nimeipiga mara mbili na sehemu nyingine sikuipiga kabisa. Kiasi cha damu huhesabiwa kwa kuchora ukuta wa ndani kwenye kila kipande, ukazidisha na unene, ukajumlisha. Jumla ya vipande vyangu ilikuwa ya moyo ambao hakuna mtu anao.

Kabla ya yote hayo nilipaswa kufanya naye mazoezi ya pumzi nje ya mashine, nikimwekea mkono karibu na tumbo nione linavyoshuka. Mazoezi hayo huchukua dakika tatu. Sikuyafanya, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na kwa kuwa, tena, nilikuwa naona haya.

Ikabaki dawa. Gadolini hudungwa mshipani baada ya figo kupimwa. Nyama nzima ya moyo huipokea na kuiachia, kovu hubaki nayo. Baada ya dakika 10 hadi 20 mashine huupindua usumaku wa mwili, ikasubiri milisekunde kadhaa mpaka ile nukta ambayo nyama nzima haitoi ishara yoyote, na hapo ndipo picha hupigwa. Nyama nzima inatoka nyeusi tii, kovu linatoka jeupe. Tangu Raymond Kim na wenzake walipochapisha kazi yao mwaka 2000, weupe huo umekuwa ukiwasaidia madaktari kuamua kama kumzibulia mtu mishipa kutamfaa.

Kwetu Afrika Mashariki weupe huo una uzito wake wa pekee. Mwaka 1948 Daktari J.N.P. Davies aliyekuwa Kampala aliandika kuhusu ugonjwa unaoufunika ukuta wa ndani wa moyo kwa kovu, alioukuta katika maiti aliokuwa akiwapasua. Wakati huo hapakuwa na njia ya kuliona kovu lile vizuri isipokuwa mezani kwa mpasuaji. Leo mgonjwa yu hai, analala kitandani, kovu linang'aa na daktari analipima. Yote hayo yanasimama juu ya zile milisekunde chache. Ukizikosea, nyama nzima inatoka ya kijivu, na weupe hauna pa kuonekanea.

Milisekunde hizo hazifanani kwa watu wote, na kwa mtu yule yule hurefuka kadiri dawa inavyomtoka. Kuna picha fupi ya majaribio ya kuzitafuta. Sikuipiga. Nikaandika 250, namba ya mazoea, wakati kwa kuhangaika kwangu na kibano dakika zilikuwa zimepita sana. Mashine ina hata kitufe cha aina ya picha inayomsamehe mtu aliyekosea kidogo. Sikukibonyeza, kwa sababu nilikuwa nimeshakata tamaa na nataka kumaliza. Moyo ukatoka wa kijivu wote, na madoa yasiyo na maana.

Nikamtoa. Akaniuliza, "Nimefanya vizuri, mwanangu?" Nikamwambia amefanya vizuri sana. Kisha nikaketi kwenye kompyuta nikaandika kwamba mgonjwa hakuweza kuzuia pumzi.

Daktari wetu wa radiolojia, kwa picha zile na maelezo yale, hakuwa na la kufanya ila kuandika kwamba kipimo hakifai kutolewa uamuzi, kirudiwe mgonjwa akiweza. Daktari wake wa moyo akasita kuanza matibabu ya kitu asichokiona. Watoto wakachangishana. Wakampandisha treni ya SGR kutoka Miritini, wakafikia kwa jamaa Eastleigh, na kipimo kikarudiwa Nairobi. Dawa ile ile ikaingia mshipani mwake mara ya pili, bili ya pili ikalipwa. Kati ya kipimo changu na cha Nairobi ilipita takriban miezi miwili.

Habari nilizipata kwa mamangu, tukila mchana. "Shoga yangu umemfanya nini wewe?" Nikajitetea pale pale, bila hata kumeza tonge: pumzi zake ni fupi, mama, umri ule. Mamangu alinitazama, akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Pumzi fupi? Yule?"

Watoto wake walirudi na CD ya Nairobi. Nikaiomba, nikaipeleka kwa daktari wetu, nikamwomba tuziweke picha zake na zangu pamoja. Nilitaka nini? Nadhani nilitumaini kwamba angesema ile mashine yao ni bora. Hakutazama sana picha za Nairobi. Zilikuwa safi, moyo unajikunja na kufunguka, na kwenye ukuta wa chini kuna ukanda mwembamba mweupe upande wa ndani. Kovu la mshituko wa moyo, bila shaka ule usiku wa tangawizi. Alizitazama zangu.

Akachukua kalamu, bila kuifungua, akagusa mstari mweupe wa mafuta ya ngozi mbele ya kifua. "Huu ukoje?" Nikasema umenyooka. Akagusa ukingo wa ini. Umenyooka. Akagusa moyo. Ukungu. Akaningoja.

Mtu akipumua katikati ya picha, kifua chote hupanda na kushuka. Ule mstari wa mafuta ungejirudia kwa mistari ya kivuli inayopita juu ya picha nzima, mmoja juu ya mwingine, na ini lingekuwa na kingo mbili tatu. Hapa palikuwa safi kila mahali isipokuwa pale palipotegemea wimbi la R. Picha yangu mwenyewe ilikuwa inashuhudia kwamba mwanamke huyu alizuia pumzi sekunde 20, kipande baada ya kipande, bila kutikisika. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nilikuwa naweza kuyaona haya siku ile ile, kwenye skrini ile ile. Sikutazama kifua. Nilitazama moyo nikatafuta wa kumlaumu.

Kisha akapitisha vipande kimoja kimoja kutoka juu kwenda chini. Kufika cha tano ini likaruka. "Hapa ulimwambia nini?"

Hilo swali sikulitarajia, maana sikujua kwamba picha hutunza na maagizo ya aliyezipiga. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema kwamba naye alikubali sentensi yangu bila kutazama mstari wa mafuta, na kwamba ripoti ile ina sahihi yake. Afadhali angenigombeza.

Sisemi kwamba lawama zote za picha mbaya za moyo ni za mpiga picha. Stima ikipotea mashine hutaka muda kurudi sawa. Mwenye nyaya za chuma kifuani baada ya kubadilishiwa vali hutoka na mashimo meusi kwenye picha, wala hilo halina wa kulaumiwa. Sumaku ya tesla 3, ambayo watu huisifu, kwenye moyo huleta michirizi myeusi ambayo ya 1.5 hailemewi nayo sana. Pini ya buibui, hirizi iliyofungwa kwenye kikopo cha bati: hayo hutolewa kabla ya mlango, kwa adabu, na mwenye nayo huambiwa itahifadhiwa wapi na nani. Wapo wenye mapigo yasiyo na mpango, hasa waliougua vali tangu utotoni, na wapo wasioweza kuzuia pumzi kweli. Mwenye moyo uliojaa maji hata kulala chali ni mtihani. Lakini kwa wote hao kuna la kufanya. Kuna picha za haraka zisizongoja pigo, kuna za kupumua kawaida zinazofuata mwendo wa kiwambo, kuna kupunguza undani na kukubali picha ya wastani inayojibu swali. Kwa hiyo hata pale sentensi yangu ilipokuwa kweli, ilikuwa imeishia katikati. Ilitakiwa iendelee: kwa hiyo nikafanya hivi.

Nilikwenda kwake baada ya Alasiri. Nikamkuta sebuleni na dawa zake kwenye sinia: vidonge vya kuzuia damu isigande, vya mafuta ya damu, vya moyo. Shikamoo, marahaba, habari za mama, zote tukazimaliza. Nikamweleza kila kitu, stika, mafuta ya nazi, kidole, vuta na toa. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wa chuo ninaowafundisha. Kuhusu mafuta alisema, "Ungeniambia nisipake, nisingepaka. Kwani mimi najua mambo ya sumaku?" Kuhusu kuona haya alisema ningemwita binti yake aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi muda wote ule.

Kilichomkasirisha ni ile sentensi. Hakuwa ameijua. Kwenye ripoti walisoma tu kwamba kipimo kirudiwe. "Umenitia ila," alisema. "Kwenye karatasi za watu mimi sina pumzi. Ifute."

Nikamweleza kwamba haifutiki. Mfumo wa kompyuta hauruhusu kufuta kilichotiwa sahihi, na ni vizuri usiruhusu. Kinachowezekana ni kuongeza chini yake. Akafikiri. "Basi ongeza. Na uniletee nisomewe."

Maneno niliyoyaongeza, yakiwa na jina langu na sahihi ya daktari, ni haya: Maelezo ya awali ya mpiga picha si sahihi. Mgonjwa alizuia pumzi vizuri kwa kila kipande. Picha ziliharibika kwa sababu ngozi haikuandaliwa, stika zilikuwa zimekauka, ECG ilihesabu pigo mara mbili na haikurekebishwa, maagizo ya pumzi yalibadilishwa katikati ya kipimo, na muda wa picha za kovu haukupimwa. Nilimsomea kwa sauti, binti yake akiwa pale. Aliniomba nirudie mstari wa pili.

Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa hata mbele ya daktari. Wangapi wengine nimewaandikia hivyo?

Nimeyafungua mafaili. Naangalia mstari wa mafuta kwanza, halafu ini, halafu moyo. Baadhi walipumua kweli, kifua kizima kimejaa vivuli. Wengine mstari umenyooka. Hao nimempelekea daktari, naye amechagua ambao kipimo chao kingebadilisha matibabu, na msimamizi wetu, baada ya mvutano, amekubali warudi bila kulipa. Wa kwanza ni mzee mmoja wa Majengo, anakuja Jumanne saa nne. Muuguzi nimeshamwomba asipange kazi nyingine saa hiyo, na mkewe mzee nimemwambia kwa simu: asipake mafuta.